Seli hujila kweli, ila si kama ujumbe ule unavyodai

Ujumbe huu nimeupokea si chini ya mara saba. Huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp Ramadhani ikikaribia, na siku hizi hata Kwaresima. Unasema Mjapani mmoja alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba ukikaa na njaa saa kadhaa, mwili huanza kula seli za saratani. Saa zenyewe hubadilika kutegemea nani kaandika: mara 16, mara 18, mara siku tatu kwa maji matupu. Juu kuna picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe, chini kuna amri ya kusambaza.

Safari hii aliyenitumia ni shangazi, na hakuwa anasambaza tu. Jirani yake amegundulika na saratani ya kongosho, kausoma ujumbe huo, na ameacha kula mchana. "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya seli, mwanangu?" akauliza. "Ni kweli au si kweli?"

Mzee wa kwenye picha ni wa kweli. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, na Nobel ya tiba alipewa mwaka 2016. Seli kujila nako ni kweli. Uongo umeingia pale kweli hizo mbili zilipofungwa kamba moja na kuitwa dawa. Na kwa saratani ya kongosho hasa, ambayo ndiyo ya jirani yetu, maabara zinaonyesha jambo lililo karibu na kinyume chake: anayefaidi huko kujila ni uvimbe wenyewe.

Tuanze na kifuko. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako mna vifuko vidogo vinavyoitwa lisosomu. Kila kimoja kimefungwa kwa utando wake, na ndani yake ni kuchachu, kiasi cha uchachu wa juisi ya nyanya, ilhali sehemu kubwa ya seli iliyobaki haina uchachu huo. Humo ndani kuna aina zipatazo 60 za vimeng'enya, yaani zile protini ambazo kazi yake ni kukatakata vitu vingine. Mate yako yana kimeng'enya kinachoanza kuuvunja wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Vya lisosomu hukata karibu kila kitu: protini, mafuta, sukari, hata vipande vya DNA.

Neno la pili ni otofajia. Limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni kujila. Lakini seli haijitafuni ovyo. Kitu kikichakaa ndani yake, seli hukizungushia utando mpaka ukawa mfuko uliofungwa. Mfuko huo husafirishwa hadi kwenye lisosomu, huungana nayo, na kilichomo hukatwakatwa. Vipande vinavyotoka havitupwi. Hurudishwa kwenye seli vikajenge kitu kipya, au vichomwe kupata nguvu.

Umewahi kukaa karibu na yadi ya vyuma chakavu? Vijana wenye mikokoteni hupita mitaani wakikusanya sufuria zilizotoboka, mabati yenye kutu na rimu za baiskeli. Yadi hupima, hukata, hupeleka kiwandani, na siku moja sufuria ya bibi hurudi mtaani ikiwa nondo ndani ya nguzo ya nyumba ya mtu. Mkokoteni ndio ule mfuko wa utando, yadi na kiwanda chake ndiyo lisosomu, na nondo ni malighafi ya seli. Mtaani vilevile tunaujua upande wa pili wa biashara hii: yadi haiulizi sana mfuniko wa chemba ya maji taka umetoka wapi. Tutaurudia upande huo.

Lisosomu ziligunduliwa kwa msaada wa jokofu. Mwaka 1949 Christian de Duve, Mbelgiji wa Chuo Kikuu cha Leuven, alikuwa akichunguza jinsi insulini inavyofanya kazi kwenye ini. Alilisaga ini la panya na kupima kimeng'enya kimoja ambacho hata hakuwa na haja nacho sana. Kipimo kikatoa kama sehemu moja ya kumi tu ya alichotarajia. Sampuli ikawekwa kwenye jokofu, siku tano zikapita, ikapimwa tena, na safari hii kimeng'enya kilikuwepo tele. Mtu mwingine angelaumu mashine akaendelea na insulini yake. De Duve na wenzake waliuliza kimeng'enya kilikuwa kimejificha wapi siku ya kwanza. Ilionekana kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na vifuko hivyo vilikuwa vimevuja taratibu ndani ya jokofu. Mwaka 1955 vikapewa jina la lisosomu. Mwaka 1963 de Duve huyohuyo ndiye aliyependekeza neno otofajia, na mwaka 1974 akashiriki Nobel na Albert Claude na George Palade.

Hapo watu huuliza: kama ndani ya seli kuna vifuko vya kumeng'enya kila kitu, mbona seli haiyeyuki? Kwanza kuna utando. Pili, vingi vya vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri penye uchachu tu, kwa hiyo hata vikivuja kidogo hukosa makali. Kwa hiyo uchachu ndio ufunguo wa yadi nzima. Ukiondoa uchachu, mashine zinasimama.

Sasa tumrudie Ohsumi, maana kazi yake ni nzuri kuliko uzushi uliofanywa nayo. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 43, alifungua maabara yake ndogo katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Alichokichunguza ni hamira, jamaa wa hii tunayoumulia maandazi. Seli ya hamira ina kifuko kimoja kikubwa kinachofanya kazi ya lisosomu, kikubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Ohsumi alichukua hamira zenye kasoro, ambazo vimeng'enya vya kukata havifanyi kazi ndani ya kifuko hicho, kisha akazinyima chakula. Baada ya saa chache kifuko kilijaa vijifuko vidogovidogo vinavyochezacheza. Ni sawa na kuzima mashine za yadi bila kuwaambia wenye mikokoteni: wao wanaendelea kuleta mzigo, mzigo haukatwi, unarundikana hadi unaonekana ukiwa barabarani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992. Kisha akaharibu jeni za maelfu ya hamira, moja hapa moja pale, akitafuta zile ambazo mzigo haurundikani tena, na mwaka 1993 akatangaza jeni 15 ambazo bila hizo otofajia haifanyiki. Jeni zinazofanana na nyingi kati ya hizo tunazo na sisi.

Kazi iliyopewa Nobel ni hiyo. Hakuna mtu aliyefungishwa, wala mgonjwa wa saratani aliyepimwa. Aliyekaa na njaa ni hamira.

Lakini njaa imetajwa, na si kwa bahati mbaya. Juu ya utando wa lisosomu huja kukaa msimamizi, kundi la protini liitwalo mTOR. Jina lake limetokana na dawa ya rapamycin, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo uliochotwa mwaka 1964 kwenye kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki. Nadhani ni ukoo wa jina wenye safari ndefu kuliko wote katika biolojia. Msimamizi huyu huangalia kama malighafi ipo, hasa asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Zikiwepo za kutosha, hutoa amri ya kujenga na huzuia mikokoteni isitoke. Zikipungua, huachia. Otofajia huanza, na protini nyingine iitwayo TFEB, ambayo msimamizi alikuwa ameizuia nje, huingia kwenye kiini cha seli, chumba zinamokaa jeni, na kuwasha jeni za kutengeneza lisosomu zaidi. Kazi hii ya TFEB ilielezwa na watafiti wa Italia mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa jinsi asidi amino zinavyomleta mTOR kukaa kwenye lisosomu. Tangu hapo wanabiolojia wengi waliacha kuiona lisosomu kama jalala. Ni jalala lenye ofisi ya uhasibu juu yake.

Kwa hiyo, je, mtu akifunga otofajia huongezeka? Kwa panya, ndiyo, hasa kwenye ini. Tatizo ni kwamba panya asiyekula siku moja hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na siku yake si siku yako. Kwa binadamu hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kitakachokuambia kwamba otofajia ya ini lako imepanda saa ya 16, au kwamba bado iko pale ilipokuwa ulipokunywa chai. Anayekutajia saa kamili amekisia. Na otofajia haisubiri ufunge ndipo ianze. Hata sasa unaposoma, seli zako zinafagia.

Sasa tuingie kwenye saratani, na hapa ndipo ule upande wa pili wa yadi unapokuja.

Mwaka 1999 kundi la Beth Levine, mtafiti wa Marekani, lilionyesha kwamba jeni moja ya otofajia, beclin 1, hupungua katika saratani nyingi za matiti, na kwamba ikirudishwa kwenye seli hizo uwezo wake wa kuota uvimbe hushuka. Miaka minne baadaye ilionekana kwamba panya waliopungukiwa nakala moja ya jeni hiyo hupata uvimbe zaidi. Maelezo yanaeleweka: seli isiyofagia hukusanya mitokondria mbovu, zile jenereta za seli, na jenereta mbovu hutoa moshi unaoharibu DNA. Usafi huzuia saratani isianze. Wasambazaji wa ujumbe wangeishia hapa wangekuwa na nusu ya hoja.

Nusu nyingine ilikuja kwa nguvu mwaka 2011. Alec Kimmelman na wenzake huko Boston waliona kwamba seli za saratani ya kongosho huendesha otofajia muda wote, hata zikiwa zimeshiba. Walipoizuia, uvimbe ndani ya panya ulirudi nyuma. Maabara ya Eileen White, kule New Jersey, ilifika mahali panapofanana kwa njia yake. Ikawa wazi kwamba kifagio kileile kinachomzuia mwizi asiingie, akishaingia, humtumikia yeye.

Kwa nini kongosho? Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za aina kuu ya kongosho zina hitilafu kwenye jeni ya KRAS, hitilafu inayofanya kazi kama waya wa mafuta wa pikipiki ulionasa: seli inaambiwa ikue, ikue, ikue. Wakati huohuo uvimbe wa kongosho hujizungushia tishu ngumu kama kovu, inayobana mishipa ya damu. Chakula kinachofika ni kidogo. Una mjenzi mwenye haraka mahali pasipo na saruji. Atafanya nini? Atabomoa kuta zake za ndani atumie matofali yake, na atazoa chochote kilicho nje ya mlango. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba seli zenye KRAS iliyoharibika hugugumia majimaji ya jirani pamoja na protini zilizomo. Ajile mwenyewe au azoe vya jirani, mzigo wote huishia yadi moja, yaani lisosomu.

Mwanabiolojia wa seli aliyeichimba yadi hii ni Rushika Perera, wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Swali lake, alipokuwa bado Boston, lilikuwa jepesi kuuliza: nani anatoa kibali cha yadi zote hizi? Jibu lilichapishwa mwaka 2015. TFEB tuliyoitaja, pamoja na ndugu zake wawili MITF na TFE3, kwa kawaida hufungiwa nje ya kiini cha seli wakati chakula kipo. Katika saratani ya kongosho hupitishwa ndani hata kama chakula kipo, na protini ya uchukuzi iitwayo IPO8 ndiyo inayowasaidia kupita. Msimamizi yuko mlangoni, lakini kuna mtu anawapitisha kwa mlango wa nyuma. Amri ya "ongeza lisosomu, ongeza otofajia" inatolewa usiku na mchana, bila kujali mwenye mwili amekula biriani au amelala njaa.

Soma tena sentensi hiyo ukimkumbuka jirani wa shangazi. Ananyimwa chakula cha mchana ili kuwasha kitu ambacho ndani ya uvimbe wake hakijazimwa.

Utafiti haukusimama hapo. Mwaka 2020 maabara ya Perera na ya Kimmelman zilieleza hila nyingine. Seli zetu hupandisha juu yake vibendera vinavyoonyesha askari wa kinga kilichomo ndani, ili seli iliyoharibika itambuliwe na kuuawa. Seli za saratani ya kongosho huzikusanya protini za vibendera hivyo na kuzipeleka kwenye lisosomu. Ule mfuniko wa chemba ndio huu: yadi imepokea mali ya umma bila kuuliza, na askari wanapita wasione cha kuwashtua. Kwa panya, kuzuia otofajia kulirudisha vibendera. Mwaka uliofuata kundi la Perera likaonyesha kwamba lisosomu za saratani hii, kwa kuwa hufanya kazi ya kupindukia, huimarishiwa utando wake na protini iitwayo myoferlin. Bila hiyo hudhoofika. Kwangu mimi hili la mwisho ndilo lenye tumaini zaidi, kwa sababu linatafuta udhaifu ambao lisosomu za saratani zinao na zetu hazina.

Uvumi wa maji ya alkali nao hugusa yadi hii, basi niupitie haraka. Unadai saratani haiishi penye alkali, yaani kinyume cha uchachu, na humtaja Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 1931. Warburg kweli aliona seli za saratani hutumia sukari kwa wingi mno na kwa njia isiyo ya kawaida, na jambo hilo hutumika hadi leo kuonyesha uvimbe kwenye picha za hospitali ziitwazo PET. Nobel yake ilikuwa ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli, wala si ya alkali. Na maji unayokunywa hukutana kwanza na tindikali ya tumbo. Baada ya hapo mapafu na figo hushikilia pH ya damu, kipimo cha uchachu wake, kati ya 7.35 na 7.45. Lisosomu, ndani kabisa, wala haina habari kwamba umenunua chupa ya bei ghali.

Ipo lakini dawa inayoweza kuondoa uchachu wa lisosomu, na wewe unaijua. Uliyezaliwa kabla ya miaka ya tisini unaikumbuka kwa uchungu wake na kwa mwasho uliokufanya ukune viganja usiku kucha. Klorokwini. Hupenda kuingia mahali penye uchachu, na ikishaingia hunasa humo. Kimelea cha malaria kina kifuko chake kichachu cha kumeng'enyea damu yetu, na klorokwini ilimuua kwa kujazana humo. Vimelea vilipojifunza kuitoa nje, Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. Kwenye seli zetu tabia ni ileile: hujazana kwenye lisosomu, hupunguza uchachu, na otofajia hukwama njiani. Kwa hiyo watafiti wa saratani walimrudia ndugu yake mpole zaidi, haidroksiklorokwini.

Matokeo? Ikitumiwa peke yake kwa wagonjwa 20 wa saratani ya kongosho iliyosambaa, haikusaidia kitu cha maana. Jaribio la wagonjwa 112, lililochapishwa mwaka 2019, liliiongeza juu ya dawa za kawaida za kemo. Uvimbe ulipungua kwa wagonjwa wengi zaidi, asilimia 38 dhidi ya 21, lakini waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja hawakuongezeka. Ni dawa butu kwa kazi hii: huingia lisosomu za kila seli, si za uvimbe tu, na kipimo kinachovumilika huenda hakitoshi kuifunga yadi kabisa. Mwaka huohuo wa 2019 maabara mbili za Marekani zilionyesha kwamba ukizuia amri ya KRAS, seli za saratani hukimbilia otofajia zaidi, na ukizifungia njia zote mbili kwa pamoja hubanwa vibaya. Majaribio ya kuchanganya namna hiyo yakaanza.

Nilimweleza shangazi haya yote kwa sauti, ujumbe wa dakika nne, kwa maneno machache kuliko hapa. Nikamwambia kufunga kwa ibada ni jambo jingine, na kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Saratani ya kongosho humla mtu misuli, humwondolea hamu ya chakula, na mara nyingi hukatiza vile vimeng'enya vya kongosho vinavyosaga mafuta tumboni. Anayepungua uzito huvumilia kemo kwa shida. Jirani arudi kwenye uji, mayai, parachichi na chochote kinachopita, milo midogo mara nyingi, na amuulize daktari wake kuhusu vidonge vya vimeng'enya, maana vipo.

Alinyamaza siku nzima. Jioni akarudi na swali moja.

"Na zile klorokwini za marehemu mjomba wako, zipo kwenye kopo kabatini. Nimpelekee?"

Nikampigia hapohapo. Machi 2020, wakati wa korona, Lagos iliripoti watu waliopata sumu kwa kujinywea klorokwini nyumbani. Kiasi cha tiba na kiasi kinachovuruga mapigo ya moyo haviko mbali. Nikamwomba kopo lote alirudishe duka la dawa. Akasema sawa, ila kopo lenyewe atalibakisha, ni zuri la kuwekea iliki.